Bitana ya Nyungunyungu

Jumatatu, 4 Novemba

Mtihani wa vitendo umekwisha! Miguu imevimba, nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu, daftari liko mapajani. Vituo ishirini, hadubini ishirini, wanafunzi sitini na wanne, kengele kila baada ya dakika tatu. Mpiga kengele mimi. Mpanga slaidi mimi. Mfuta vioo mimi. Daktari yeye kazi yake kutembea na kikombe cha chai na kutisha watu kwa tabasamu.

Mada ni ile ile ya kila mwaka: wanyama wenye uwazi ndani ya mwili, na jinsi uwazi huo ulivyotokea. Kituo cha sita mnyoo bapa — hana uwazi hata chembe, kashindiliwa nyama kutoka ngozi hadi utumbo kama mto wa pamba. Cha saba nyungunyungu, yule wa kwenye udongo mbichi, aliyekatwa kipande chembamba kama pete. Yeye uwazi anao, tena halisi. Mnyoo wa mviringo, yule wa tumboni, mwaka huu kaachwa kwenye trei. Daktari anasema ni rahisi mno.

Yule binti ninayemwita Miwani alinikwamia kituo cha saba. Miwani yake ina mkono mmoja, wa pili ni uzi. Kengele imelia, yeye kainama tu. Nikamwambia, songa mwanangu, wenzio wanangoja. Akainua uso, akafungua mdomo, akakumbuka kwamba kuzungumza ni marufuku. Akasonga.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Nikapiga hodi mlangoni kwangu mwenyewe — mazoea ya tangu mama yuko hai. Mwaka wa pili sasa na bado napiga hodi! Majirani watasema nimerukwa na akili.

Jumatano, 6 Novemba

Daktari anasahihishia chumbani kwangu kwa sababu ofisini kwake kuna joto. "Kwangu" — ni chumba cha matayarisho cha idara, lakini baada ya miaka thelathini na mmoja nani atanibishia? Makabati ya slaidi, masinki mawili, harufu ya formalini inayowafanya wageni washike pua na mimi siisikii tena. Kiti changu. Kiti chake.

Alikuwa mwanafunzi hapa hapa, huyu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu cha kupasulia bila kujikata. Siku ya kwanza ya kupasua panya alizimia, nikampepea na jalada la ripoti. Leo ni mkuu wa idara, ana kitambi na gari. Lakini bado ananiita mama, na bado ananiomba sukari kana kwamba sukari ya idara naificha mimi. (Naificha.)

Kaangua kicheko: kituo cha saba wamepata wote isipokuwa mmoja. Eti angalau nyungunyungu wanamjua! Nikajisikia vizuri kama niliyewazaa.

Halafu, bila kuinua kichwa, akasema barua ya mkataba wangu anaiandika wiki hii. Ninastaafu mwisho wa mwezi. Akiiandika, nabaki mwaka mmoja zaidi, na mwaka huwa unaongezwa. Asipoiandika — sitaki hata kufikiri. Naijua Jumapili ya nyumba hii ilivyo ndefu. Sasa Jumapili ziwe saba kwa wiki?

Ijumaa, 8 Novemba

Matokeo yamebandikwa. Miwani kaanguka. Kapungukiwa alama mbili tu! Na hii ilikuwa mara yake ya pili kurudia, na sheria ya chuo ni fupi: mara ya tatu hakuna, fungasha.

Alikuja chumbani saa nane mchana. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisimama kando ya sinki akasema: Mama Slaidi, yule wa kituo cha saba hakuwa nyungunyungu. Yeye aliandika mnyoo wa mviringo, uwazi bandia. Na maswali yote matano ya kituo kile yanategemea jina la mnyama. Ukikosea jina, alama kumi zimekwenda.

Nikamwuliza kwa nini aliandika hivyo.

"Utumbo haukuwa na bitana, mama."

Bitana! Neno langu hilo. Mwezi wa tisa alinijia kichwa kimemvurugika kwa majina ya vitabuni, nikavua koti la maabara nikaligeuza ndani nje. Nikamwambia, tazama hapa. Mnyoo bapa ni nguo iliyogandishwa mwilini kwa gundi, hakuna pa kupitisha hata kidole. Mnyoo wa mviringo ana nafasi, ila bitana imeshonwa upande wa ngozi tu. Utumbo umelala humo uchi, ndiyo maana uwazi wake unaitwa bandia. Nyungunyungu ana bitana pande zote mbili, kwenye ngozi na kwenye utumbo, na utumbo umetundikwa kwa bitana hiyo hiyo. Una misuli yake. Unasaga chakula chake huku mwili unatambaa kwenda zake. Ndiyo faida ya uwazi: moyo unapiga bila kubanwa, tumbo linafanya kazi bila kuomba ruhusa kwa miguu. Sisi nasi tumo humo humo. Ukicheka wewe, nikamwambia, utumbo wako hauna habari.

Alicheka kweli. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna mwanafunzi amewahi kuniuliza: hawa bapa hawakuwahi kuwa na uwazi, au walikuwa nao wakaupoteza? Nikamwambia wataalamu wenyewe wanabishana mpaka leo. Tukaenda kwa Daktari. Daktari akasema: kwenye mtihani andika hawakuwahi.

Lakini leo nilipandwa na hasira. Miaka thelathini na mmoja, slaidi sijawahi kukosea! Nikamwambia, mwanangu, ukianguka usitafute wa kumsingizia. Akasema samahani mama, akatoka, akafunga mlango polepole.

Nilikuwa na haki. Mbona basi chakula hakipiti?

Jumapili, 10 Novemba

Wifi kapiga simu, mke wa kaka yangu. Kaka mwenyewe simu ni adui yake. "Wifi, ukistaafu hao minyoo watakufanyia sherehe?" Nikacheka. Akauliza nimekula nini, nikataja chakula cha watu watatu.

Dakika sita. Niliziona kwenye simu baada ya kukata. Tangu hapo sijasema neno na mtu. Jioni nikaijaribu sauti yangu, nikasema "haya" hapa sebuleni. Ikatoka ina kutu.

Jumatatu, 11 Novemba

Miwani kakata rufaa. Daktari kakasirika, si sana. Anasema kila mwaka hakosi mmoja. Kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na moja. Akanipa karatasi: "Nathibitisha kuwa vielelezo vyote vilikaguliwa kwa hadubini, kimoja kimoja, kabla ya mtihani." Nikasaini. Nikatia na tarehe. Mwandiko mzuri, wa kujidai.

Papo hapo akatoa bahasha ya pili. Barua ya mkataba! Mwaka mmoja, kuanzia Desemba. Imebaki sahihi ya utawala tu. Nikamwambia Mungu akuzidishie. Nikajitia kutafuta kitu nyuma ya kabati, nikafuta macho kwa taulo la sinki. Lina formalini hilo — machozi yakazidi, ikabidi nikae huko huko nyuma mpaka yakauke.

Njiani nimenunua kikombe kipya cha chumbani kule, cha tatu. Sijui ni cha nani. Nilijisikia mkarimu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeitazama.

Sikuwa na nia. Nilikuwa narudisha slaidi za mtihani kwenye trei, ikaja ya saba mkononi, nikasema hebu nimsabahi mzee wangu. Nikaiweka, nikalenga. Nikatafuta ule mkunjo ulioingia ndani ya utumbo kwa juu — nyungunyungu anao, huwezi kuukosa. Haupo. Nikatafuta misuli ya utumbo. Haipo. Utumbo ni mstari mmoja mwembamba, umelala katikati ya nafasi, mtupu, bila bitana.

Nikavua miwani yangu, nikaifuta, nikavaa tena. Mnyoo wa mviringo! Dume, wa tumboni. Na lebo, nilipobandua karatasi niliyoizibia siku ya mtihani, inasema: "Nyungunyungu, 7." Mwandiko wangu.

Nikachukua ile iliyobaki kwenye trei siku ya mtihani, yenye lebo ya mnyoo wa mviringo. Nyungunyungu huyo hapo, na mkunjo wake, na bitana zake mbili.

Naikumbuka siku. Mwezi wa nane bomba la dari lilivujia kabatini, gundi ikalainika, lebo arobaini zikabanduka. Kila slaidi ilitakiwa ipite chini ya hadubini kabla ya kupewa lebo mpya. Ndiyo kanuni, niliiandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa, iko ukutani. Siku hiyo nilibandika kwa kufuata nafasi za trei. Kwa nini? Kwa sababu nilijua. Kwa sababu mimi ndiye Mama Slaidi, nani wa kunikagua? Na mbili zilikuwa zimepishana nafasi. Asubuhi ya mtihani nikaweka mwanga sawa, nikaona duara, nikaona nafasi katikati, nikapita.

Binti aliona. Tena kwa miwani ya uzi.

Jumatano, 13 Novemba

Sijamwambia mtu. Nimekunywa chai na Daktari. Kaomba sukari, nimempa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kilichokuwa kinanikera ni hiki: wale sitini na tatu waliona nini? Leo nimejua. Wawili walikuwa wanaosha vyombo kwenye sinki, mimi niko nyuma ya kabati, hawana habari. Mmoja anasema Miwani kajitakia, kituo cha saba ni nyungunyungu tangu enzi za kaka yake, na orodha ya vituo wanarithishana kila mwaka. Mwenzake akasema hata yeye aliona haifanani, lakini nani abishane na kituo cha saba? Wakacheka, wakaacha bomba linatiririka.

Basi ndivyo. Sitini na tatu wameandika kilichotakiwa kuwepo. Mmoja kaandika kilichokuwepo, na ndiye anayefungasha.

Dawa yake ni rahisi. Kituo kikifutwa kwa wote, binti anapita na hakuna anayeanguka. Daktari aliwahi kufanya hivyo mwaka ule umeme ulipokatika. Anahitajika mtu mmoja tu wa kusema. Na mtu huyo kasaini karatasi. Akisema, Daktari ataumbuka mbele ya kamati kwamba hakukagua mtihani wake. Na mkataba? Nani atampa mkataba bibi anayebandika lebo kwa kubahatisha na kusaini asichokifanya?

Nilifuta kioo kimoja mchana kutwa. Mfagizi kaniuliza naumwa nini. Nikasema mgongo.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefanya jambo.

Nilifika mapema, kabla ya mfagizi. Nikaloweka lebo mbili, nikazibandua, nikazibandika zilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Safari hii chini ya hadubini, mara mbili mbili, kanuni yote. Dakika kumi. Sasa nyungunyungu ni nyungunyungu na mviringo ni mviringo. Kwenye trei nzima hakuna uongo hata mmoja.

Na kamati ikiomba kuiona slaidi ya saba, itamwona nyungunyungu.

Nimejiambia nimerekebisha kosa. Nimejiambia njia nzima ya kurudi, nikampita jirani bila kumsalimu. Mikono nimeinawa mpaka ngozi imekunjamana.

Jumapili, 17 Novemba

Wifi. Nilikaribia kumwambia. Nikaanza: wifi, hivi mtu akikosea, halafu akarekebisha, lakini kurekebisha kwenyewe kukawa ndiyo — akasema subiri, mjukuu kamwaga maziwa. Aliporudi tukaongea habari za maziwa.

Siku haiishi. Nimefua koti, nimepiga pasi, nimepiga pasi hata leso. Nikatoa madaftari ya kazi ya zamani nikasoma, uwazi unavyotokea. Kwenye kiinitete cha nyungunyungu kuna bonge la seli, limejaa, halina nafasi. Halafu linapasuka katikati lenyewe, na ule ufa ndio unaokuwa uwazi. Kwenye kiti cha pweza, yule wa baharini mwenye mikono mitano kama nyota, ni njia nyingine kabisa: vifuko vinachipuka kutoka utumboni, vinajitenga, vinakuwa nafasi. Huenda uwazi ulianza mara moja, zamani sana. Huenda ulianza mara nyingi, kila ukoo kivyake. Hakuna aliyekuwepo. Na mnyoo bapa, ambaye vitabu vya zamani vilimweka ngazi ya chini kabisa, asiyewahi kupata — huenda babu zake walikuwa nao, ukajifunga. Ukimtazama leo huwezi kujua. Hakuachiwa hata kovu.

Nililifikiria hilo muda mrefu na sikuwa nafikiria minyoo. Nyumba hii ilikuwa na watu! Mume aliyekuwa akiimba bafuni, vibaya, kabla hajahamia kwa mwingine. Mama na redio yake na kikohozi chake. Mtu akiingia leo atadhani nimeumbwa hivi hivi, mwanamke wa sahani moja. Nina upweke. Basi, nimeandika. Si kosa la mtu. Lakini nimeufanya sababu ya kumfukuzisha mtoto wa watu chuo, na hilo ni kosa, na mwenyewe ni mimi.

Nimeandika hivyo halafu nimekaa tu. Kuandika ni rahisi, daftari halina kamati.

Jumatatu, 18 Novemba

Miwani kaja. Nilitamani ardhi ipasuke. Ana furaha! Kamati imekubali ombi lake: slaidi itawekwa mezani, wajumbe wataitazama kwa macho yao. Anasema hana haja ya maneno mengi, wakiinama tu wataona. Akaniomba msamaha kwa siku ile — yeye kaniomba mimi msamaha! Anajua si mimi niliyekosea. Labda ni huko zilikotengenezwa, au aliyekuwepo kabla yangu. Nikawa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, yawezekana.

Nikampa maji kwenye kile kikombe kipya. Akanisimulia kwamba baba yake ni fundi viatu, ule uzi wa miwani aliutia nta yeye. Nyumbani hawajui lolote. Anangoja Alhamisi awape yote kwa mkupuo, kuanguka na kuinuka, wasikose usingizi bure.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Usiiguse. Iache vile vile ilivyokuwa."

Nikasema sawa, mwanangu.

Kinywa hiki!

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwandikia Daktari barua. Nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi zaidi. Nayo nimeichana, vipande nimevitia sinki la asidi, ujinga mtupu, kana kwamba kuna anayenipekua.

Nikawaza njia nyingine, na nimeipenda. Kesho narudisha lebo kama zilivyokuwa siku ya mtihani. Kimya kimya. Kamati imwone mnyoo wa mviringo, binti apite, watu washangae, lawama ziende huko zilikotengenezwa. Daktari ataona haya kidogo, atapona. Mkataba unabaki. Hakuna anayeumia! Nimekula vizuri jioni hii, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Jumatano, 20 Novemba

Nafasi ya saba kwenye trei iko tupu.

Daktari aliichukua jana baada ya mimi kuondoka. Kaitia kwenye bahasha, kapeleka kwa karani wa kamati, imepigwa lakiri. Usalama wa ushahidi, mama, anasema. Na kabla ya kuipeleka aliitazama! Mara ya kwanza kwa miaka mingi anainama kwenye hadubini bila kulazimishwa. Akaniambia, nyungunyungu safi kabisa, mama, hujawahi kuniangusha. Akanishika bega.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini simu yake ikalia, akatoka nayo, alikuwa na haraka.

Hapana. Haikuwa simu. Alisimama pale dakika nzima anakoroga chai. Niliogopa.

Saa tisa akapita karani wa utawala: mkataba wangu umesainiwa, nikauchukue Ijumaa. Nikashukuru. Nikafagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa.

Kurudisha lebo siwezi tena. Imebaki kusema kwa mdomo, na mdomo wangu naujua.

Alhamisi, 21 Novemba, saa nne asubuhi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha kamati. Hakuna aliyeniita. Slaidi ya mnyoo wa mviringo iko kwenye leso, mfukoni mwa koti. Naandika ili nisiondoke.

Ndani kuna wajumbe watano, mwenyekiti ni yule mama wa kemia. Daktari. Miwani. Hadubini niliibeba mimi mwenyewe, nikaambiwa niiache mezani nirudi kazini. Sikurudi. Nilipotoka, binti alinitazama akatabasamu, kama mtu aliyemwona wa kwao.

Mlango haushiki vizuri, unabaki wazi upana wa kidole. Nasikia kila kitu. Lakiri imevunjwa. Wanatazama mmoja mmoja. Kiti kinasogea, kimya, kiti kinasogea. Wa kwanza kasema huyu ni nyungunyungu. Wa pili kasema ndiyo, mkunjo huu hapa. Wa tatu kaguna tu. Mwenyekiti kamwita binti aje aone mwenyewe.

Nyayo zake, halafu kiti.

Najua anavyoinama, anashika uzi wa miwani kwa kidole usimwingie jichoni.

"Siyo hii."

Mtu kacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti kauliza taratibu, una maana gani, binti? Anasema hii siyo aliyoiona siku ile. Ile utumbo wake ulikuwa mtupu. Kaomba atazame tena. Wamemruhusu. Katazama tena. Sauti imeanza kumponyoka, anarudia, siyo hii, siyo hii jamani, ile haikuwa hii.

Daktari kasema, wala hakupaza sauti: slaidi hizi zimekuwa mikononi mwa Mama Slaidi miaka thelathini na mmoja, na sahihi yake hiyo hapo mezani. Sasa unataka kuiambia kamati kwamba mama yule kaibadilisha?

Nikangoja aseme ndiyo. Kwa moyo wangu wote nilimwomba aseme ndiyo. Neno moja, nami nisingekuwa na la kuchagua.

Kasema: "Hapana. Mama hawezi."

Nimesimama. Daftari nimeliegemeza ukutani, mwandiko unakwenda upande. Mwenyekiti anasema kama hakuna lingine wafunge. Karani kachungulia, ananiambia kaa tu mama, wewe hujaitwa. Nimemwambia sikai.